Nani Analala Chumba Kimoja na Nani

Kijana wa Naitiri, Bungoma, akifaulu mtihani wa kidato cha nne, KUCCPS, huduma ya taifa ya kuwapangia wanafunzi vyuo, yaweza kumpeleka Maseno, Pwani au Garissa, kulingana na alama na machaguo yake. Naye wa Kitui akajikuta Kibabii, hapa Bungoma. Kwenye orodha, taifa limechanganyika. Wakishafika kampasi, makomredi hujipanga upya: chama cha wanafunzi wa kaunti, kundi la WhatsApp la watu wa nyumbani, mgombea wa kwetu. Naamini kinachowaunganisha vijana hasa ni malazi na kazi ya pamoja, na hapo ndipo vyuo vyetu vimelegea.

Ushahidi upo. Katika Chuo Kikuu cha Cape Town, Lucia Corno, Eliana La Ferrara na Justine Burns waliwafuatilia wanafunzi waliopangiwa wenzao wa chumba bila kuchagua. Utafiti wao, uliochapishwa mwaka 2022, ulionyesha kuwa Wazungu waliokaa chumba kimoja na Weusi walipunguza dhana mbaya walizokuwa nazo na wakapata marafiki Weusi zaidi. Nao Weusi waliokaa na watu wa rangi nyingine walifanya vizuri zaidi katika mitihani. Sasa tazama hali yetu. Hosteli hazitoshi, kwa hiyo mwanafunzi mgeni humpigia simu mtu wa kwao, wakakodi chumba nje ya lango, wakachangia kodi, mtungi wa gesi na sufuria ya ugali. Hakuna aliyekusudia ukabila. Hata hivyo miaka minne yaweza kupita jioni zote akiongea Kibukusu na watu wale wale, na mwenzake wa Kitui akabaki sura anayoiona darasani tu.

Wapo watakaosema vyama vya nyumbani vina faida, nami nakubali kabisa. Mwanafunzi akifiwa, hao ndio hupitisha mchango wa kwanza. Mgeni akikwama kwenye usajili, hao ndio humshika mkono. Visivunjwe. Ubaya huanza vikigeuka ngazi ya uongozi, kwa sababu hapo msaada hudaiwa kwa kura. Marekebisho ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2016 yaliwapa wajumbe kazi ya kuchagua baraza la wanafunzi na kutaka baraza hilo lizingatie sura ya taifa. Ni hatua njema, ila sheria hupanga viti vya viongozi; haifiki chumbani.

Wengine huhofia kwamba kulazimisha watu kukaa pamoja huzaa ugomvi. Huzaa, ikiwa wanagombea kitu kimoja. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Gordon Allport alieleza kwamba kukutana hupunguza chuki pale watu wanapokuwa na hadhi sawa, lengo moja, ushirikiano, na wakubwa wanaouunga mkono. Naitiri yenyewe inalijua hilo: baada ya uhuru mashamba ya walowezi yaligawanywa, na Mbukusu, Mtachoni, Mkabrasi na Mmaragoli wakawa majirani wa mpaka, watoto wao wakisoma shule moja.

Basi vyuo vianzie hapo. Kugawa kwa bahati nasibu vitanda vichache vilivyopo kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza hakuhitaji jengo jipya. Mhadhiri naye, badala ya kuwaambia wanafunzi wajichagulie makundi ya kazi, anaweza kuyapanga mwenyewe kutoka kwenye orodha ya darasa, tangu wiki ya kwanza.