SPEA ZA GARI: KWA NINI BIASHARA YAKE INAKUA?

Gari haiharibiki yote kwa siku moja. Huchakaa kidogo kidogo: leo plagi, kesho filta, keshokutwa breki. Kifaa kinachotiwa mahali pa kile kilichochakaa huitwa kipuri. Wengi wetu tunakiita spea.

Ndugu msomaji, huenda wewe huna gari. Hata hivyo, biashara hii inakuhusu. Karafuu zako hupakiwa kwenye gari. Mgonjwa wako hupelekwa hospitali kwa gari. Spea ikipanda bei, mwenye gari huitafuta fedha yake kwenye nauli. Spea ikiwa mbovu, abiria ndio wanaoumia.

SABABU TATU

Kwanza, vyombo vimekuwa vingi. Mwaka 1984, Mzee Ali Hassan Mwinyi aliposhika uongozi wa Zanzibar, milango ya biashara ya nje ilianza kufunguliwa. Tangu hapo watu binafsi wameleta magari mengi.

Pili, magari mengi huja yakiwa yamekwisha tumika, hasa Japani. Gari iliyotembea miaka kumi huko huja na mipira iliyokauka na beringi zilizolika. Hapa kwetu hewa ya chumvi hula chuma, na vilima vya Pemba hula breki.

Tatu, pikipiki zimeingia hadi vijijini. Mnyororo, breki na tairi za pikipiki hulika upesi.

KWA NINI BEI NI KUBWA?

Pemba ni kisiwa. Spea hutoka ng'ambo ikashushwa Dar es Salaam au Unguja. Kisha hupakiwa tena kwenye chombo kuja Mkoani au Wete. Kila kupakia na kushusha kuna malipo yake. Mwenye duka mwenye mtaji mdogo huweka zile zinazouzika kila siku. Kifaa kikubwa, kama giaboksi, huagizwa, na gari hulala ikingoja.

RAHISI GHALI

Biashara ikikua, na wadanganyifu huingia. Spea bandia hutiwa kwenye boksi zuri lenye jina la kampuni maarufu. Sasa tufanye hesabu ya mfano. Breki za shilingi 20,000 zinadumu miezi 2. Breki za shilingi 45,000 zinadumu miezi 9. Kwa miezi 18, za rahisi utanunua mara 9, nazo ni shilingi 180,000. Za ghali utanunua mara 2, nazo ni shilingi 90,000. Ipi rahisi hapo? Tena breki ikikataa kwenye mteremko, hasara yake haihesabiki kwa shilingi.

UFANYE NINI?

1. Soma namba ya chesisi kwenye kadi ya gari, uiandike kwenye daftari. Gari mbili zinaweza kufanana kwa sura lakini spea zao zikawa mbali mbali.

2. Nenda dukani na kifaa cha zamani. Linganisha namba, urefu na matundu.

3. Dai risiti yenye jina la spea, bei na tarehe.

4. Mwambie fundi akuonyeshe kifaa alichokitoa.

5. Usinunue breki za mtumba.

6. Ukishuku kuwa spea ni bandia, peleka habari Taasisi ya Viwango Zanzibar (ZBS). Taasisi hii ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2011.

Wenye vyombo wa kijiji kimoja wanaweza pia kuagiza pamoja. Mzigo mmoja wa watu kumi hupunguza gharama ya usafiri kwa kila mtu.

Zamani wengi wetu tuliziachia namba hizi watu wengine watusomee. Sasa tunajua kusoma. Basi tusome kabla hatujatoa fedha.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini gari iliyokwisha tumika huhitaji spea nyingi?

2. Je, nauli ya kijijini kwenu imepanda? Muulizeni dereva ni spea gani hununua mara kwa mara.

3. Wenye pikipiki kijijini kwenu wanaweza kuagiza spea pamoja? Vipi?