Vijidudu vinne vilivyokataa kufa

Ndani ya tumbo la kila mmoja wetu vinaishi vijidudu visivyohesabika, vidogo hata jicho haliwezi kuviona bila hadubini. Kimoja chaitwa koli, na jina lake la kitaalamu ni Escherichia coli. Wengi wanakijua kwa ubaya tu, kwa kuwa baadhi ya jamaa zake huleta ugonjwa wa kuhara. Lakini kijidudu hicho ndicho kilichowaonyesha wataalamu jinsi mwili unavyotengeneza yale yanayoharibika ndani yake, hata katika maandishi ya urithi wetu.

Maandishi hayo ndiyo DNA, ambayo wanafunzi wetu wanaosoma kwa Kifaransa huiita ADN. Ni uzi mrefu mwembamba sana, umekunjwa ndani ya karibu kila chembe ya mwili, na umeandikwa kwa herufi nne tu. Herufi ikigeuka, maneno yaweza kugeuka pia, na badiliko hilo likarithiwa na chembe zote zizaliwazo na ile ya kwanza. Mwaka wa 1927 Hermann Muller, mtaalamu wa Marekani, alionyesha kwamba miale ya eksirei huzidisha mabadiliko ya namna hiyo katika nzi wadogo wanaopenda matunda yaliyoiva. Aliwachagua nzi kwa sababu iliyo wazi: hakuna awezaye kuwachoma watu kwa miale, kisha akangoja kuona wajukuu wao watakavyozaliwa. Nzi huzaa kizazi kipya kwa siku kumi hivi. Koli apita hata nzi. Akipata chakula kizuri na joto, hugawanyika kila baada ya dakika 20. Na mmoja tu, akiachwa hivyo kwa muda wa saa kumi, aweza kuwa na wazao zaidi ya milioni elfu moja.

Aliyeanza kazi kubwa juu ya koli na miale alikuwa binti mmoja wa New York, Evelyn Maisel, aliyejulikana baadaye kwa jina la mumewe, Witkin. Alitaka kuendelea na masomo ya juu katika Chuo Kikuu cha New York alikosomea. Lakini mwaka wa 1940 chuo hicho kilimwacha nyumbani mchezaji wake hodari wa mpira, Leonard Bates, kwa sababu alikuwa mweusi, na timu waliyokuwa waende kucheza nayo haikukubali kushindana na watu weusi. Wanafunzi walifanya maandamano. Saba kati yao, naye Evelyn akiwa mmojawapo, walifukuzwa kwa miezi mitatu mwaka wa 1941. Basi akaenda Chuo Kikuu cha Columbia. Mwaka wa 2001, baada ya miaka 60, chuo cha kwanza kiliwaita wale saba kikawapa heshima. Ilichelewa, lakini ilifika.

Katika majira ya joto ya mwaka wa 1944 alitumwa kwenye maabara ya Cold Spring Harbor, kando ya bahari karibu na New York. Hakuwa amewahi kushika kijidudu. Aliambiwa ajaribu kuwabadilisha koli kwa miale ya urujuanimno, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho ambayo huunguza ngozi. Akawasha taa, na miale ikawa mikali mno: karibu vijidudu vyote vilikufa. Kesho yake aliona vikundi vinne tu vimeota, kila kikundi kikiwa wazao wa kijidudu kimoja kilichopona. Mtu mwingine angalivitupa akaanza upya kwa miale hafifu. Yeye alijiuliza: hivi vinne vimepona kwa bahati, au vina kitu wenzao wasicho nacho? Akavitia tena chini ya taa. Vilivumilia kuliko vya kwanza, na uvumilivu huo ulirithiwa na wazao wao. Tena kwa hadubini aliona kwamba vile visivyovumilia havikupasuka wala kuyeyuka; vilirefuka kama nyoka, bila kuweza kugawanyika, mpaka vikafa.

Ili tufahamu maana ya mambo hayo, na tuangalie kwanza namna miale inavyoharibu. Herufi mbili zilizo jirani zikipigwa na urujuanimno, hushikamana kama kurasa zilizolowa gundi, na chembe haiwezi tena kuzisoma. Lakini uzi wa DNA ni wa nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, na kila mmoja ni shahidi wa mwenzake. Ni kama parokia iliyo na madaftari mawili ya ubatizo: mchwa wakila ukurasa katika moja, karani hufungua la pili na kunakili majina bila kukosea.

Mwaka wa 1964 wataalamu wa Oak Ridge na wa Yale, huko Marekani, waligundua kwamba koli hufanya hivyo hasa. Mafundi wake, yaani protini fulani, huona mahali palipoharibika, hukata kipande cha herufi 12 au 13, hukitupa, kisha pengo hujazwa kwa kufuata uzi wa pili. Je, mtu naye anao mafundi kama hao? Jibu lilipatikana mwaka wa 1968 mjini San Francisco. James Cleaver alichunguza chembe za ngozi za watu wenye ugonjwa uitwao zeroderma, ambao hawawezi kabisa kuvumilia jua. Chembe za watu wazima wa afya zilijitengeneza baada ya miale, kama koli, zao zilishindwa. Leo twajua kwamba mafundi wa mwanadamu hukata kipande cha herufi kama 30 hivi, na wagonjwa hao wamezaliwa na mmoja wa mafundi hao akiwa na kasoro.

Ugonjwa huu haufanani na ualbino, ijapokuwa wote wawili hukimbia jua. Albino amekosa rangi ya kuikinga ngozi. Mtoto wa zeroderma aweza kuwa mweusi kabisa, lakini kila jua linalompata humwachia madhara yasiyotengenezwa. Macho humuuma kwenye mwanga, madoadoa humjaa usoni, na kansa ya ngozi huweza kumpata hata kabla ya kutimiza miaka kumi. Wala tusidhani ni mambo ya Ulaya tu. Kisiwani Mayotte, katika visiwa vya Komoro, waganga wa hospitali wamekadiria kiasi cha mtu mmoja katika 5000, wengi kuliko mahali pengine popote palipopimwa. Baba na mama wote wawili wana afya. Kila mmoja amebeba nakala moja yenye kasoro bila kujua, na mtoto akazipokea zote mbili. Basi wale wanaomnyoshea kidole bibi mzaa mama, au mke wa pili wa baba, wanamwonea tu. Mtoto kama huyo ahitaji mavazi marefu, kofia pana, miwani ya kuzuia miale, michezo yake ifanywe jioni, na mganga amtazame ngozi mara kwa mara ili uvimbe ukatwe ungali mdogo.

Nayarudia yale ya Bibi Witkin, maana kazi yake haikuishia hapo. Aliendelea kuuliza: badiliko lenyewe hutoka wapi? Watu wengi walidhani miale huandika kosa moja kwa moja, kama kisu kikatacho ubao. Mwaka wa 1967 alieleza wazo lake kwamba koli aliyejeruhiwa hupiga mbiu ndani yake, na kazi nyingi huanza kwa pamoja. Baadaye Miroslav Radman, aliyepata udaktari wa elimu mjini Bruxelles, akaiita mbiu hiyo SOS, kama wito wa meli inayozama. Zaidi ya jeni 40 huamshwa. Mafundi waangalifu hutangulia. Lakini uharibifu ukiwa mwingi, huitwa mwishoni makarani wa haraka: wakifika kwenye ukurasa ulioliwa, huandika herufi yo yote ili daftari liendelee. Kijidudu chaweza kupona, lakini kina makosa. Kumbe mabadiliko mengi hayaandikwi na miale. Huandikwa na chembe yenyewe inapojiokoa.

Hapo ndipo koli wa maabara aingiapo katika nyumba zetu. Dawa iitwayo siprofloksasini huua vijidudu kwa kuikatakata DNA yao. Mgonjwa akimeza vidonge vyote alivyoandikiwa, kwa kawaida vijidudu hufa kabla ya kupata nafasi. Akinunua viwili sokoni kwa kuwa fedha haikutosha, baadhi yao hujeruhiwa tu: mbiu hupigwa, makarani wa haraka huja, na katika makosa yao hutokea yale yanayokifanya kijidudu kisiogope dawa tena. Mwaka wa 2005 wataalamu wa Marekani walitia katika panya koli wasioweza kupiga mbiu ya SOS, wakawapa siprofloksasini. Koli wa kawaida walizaa wazao walioizoea dawa. Wale wasio na mbiu hawakuizoea.

Bibi Witkin aliyaona hayo yote. Mwaka wa 2015 alipewa tuzo ya Lasker, na aliaga dunia mwezi wa Julai 2023, akiwa na umri wa miaka 102. Wataalamu wanatafuta sasa dawa ya pili ya kumezwa pamoja na ya kwanza, ya kuinyamazisha mbiu hiyo. Bado haijafika katika farmasi yo yote.