Casspir: Kwa nini gari hili la kivita lina tumbo lenye umbo la V?

Waasi wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, wamekuwa wakitega vilipuzi barabarani. Ndiyo maana wanajeshi wa Afrika Kusini waliokuwa katika kikosi cha SADC, kilichohudumu huko kuanzia 2021 hadi 2024, walitumia gari la deraya liitwalo Casspir, lililobuniwa nchini mwao mwishoni mwa miaka ya 1970.

Siri yake imo katika sehemu ya chini. Gari la kawaida lina sakafu bapa, hivyo hupokea nguvu kubwa ya mlipuko. Bodi ya Casspir imeinuliwa juu ya ardhi na kuchongoka kwa chini mithili ya herufi V, ili mlipuko ugawanyike na kupitia ubavuni. Gurudumu huweza kung'oka na kubadilishwa. Dereva, mwenzake na askari 12 waliofunga mikanda huwa na nafasi kubwa ya kunusurika.

Hata hivyo, kinga hiyo ina gharama. Kwa uzito wa takriban tani 11 na kimo kirefu, gari hilo huweza kukwama katika mchanga wa pwani na tope la msimu wa mvua, au kupinduka.

Isitoshe, barabara ya N380 kutoka Macomia kuelekea Mocímboa da Praia hutumiwa pia na malori na magari ya abiria yenye sakafu ya bati jembamba. Usalama wa wasafiri hao unategemea barabara kukaguliwa kabla hawajapita.