Mjusi Asiye na Miguu

Katika mashamba mapya yaliyofyekwa msituni, si ajabu jembe kufukua kiumbe cheusi chenye kung'aa, kinene kama kidole, nacho urefu wake waweza kupita sentimeta 30. Watoto hupiga kelele: «Nyoka!» Baba huja na panga, na habari yake huishia hapo. Lakini aliyeuawa hakuwa nyoka. Alikuwa mjusi.

Wataalamu humwita Feylinia currori, jina alilopewa mwaka 1845 na John Edward Gray wa London. Hukaa katika misitu ya Kongo, Gabon na Kamerun, hata Uganda. Mtatuuliza: ikiwa ni mjusi, miguu yake i wapi? Tujibu kwamba ukoo wake ni ule wa mijusi laini waotao jua kando ya njia. Wahenga wake walikuwa na miguu. Lakini kwa mwenye kupenya udongoni na chini ya majani makavu, miguu ni kizuizi tu, nayo ikapotea vizazi kwa vizazi. Tundu la sikio hana. Macho anayo, ila yamefunikwa na gamba. Hatagi mayai, bali huzaa watoto walio hai, nao ni wachache. Chakula chake ni mchwa, wale wale watafunao nguzo za nyumba zetu!

Wako wasimuliao kwamba huingia mwilini mwa mtu apendapo, na siku ya kutoka kwake mtu hufa. Haya si kweli. Sumu hana, na kinywa chake kidogo kimefanyizwa kwa kumeza wadudu.

Ulimi wake ni mpana, haukugawanyika panda mbili kama ule wa nyoka. Lakini ni nani atakayeinama kutazama ulimi wa kitu anachokiogopa? Wala hatuwashauri kufanya hivyo, kwani udongo huo huo una nyoka aitwaye Atractaspis, mweusi vilevile, mwenye sumu. Jino lake hutokea kando ya mdomo hata akiwa amefumba kinywa, hivyo amchomaye ni yule yule aliyedhani amemshika vema shingoni.

Basi msimshike kwa mkono, wala msikimbilie panga. Msukumeni kwa kijiti kirefu mpaka penye majani yaliyooza; akiwa ni mjusi wetu, punde atajizika tena.