Kusoma Ng'ambo: Anza na Kitambulisho
Mwanafunzi wa Garissa aliyepata nafasi ya kusoma ng'ambo haombi visa bila pasipoti, na akishatimiza miaka 18 hapati pasipoti bila kitambulisho cha taifa. Kwa miaka mingi, vijana wa Kaskazini Mashariki walikwama katika hatua hiyo ya kwanza, wakipigwa msasa wa ziada. Februari 2025, Rais William Ruto alitia saini mjini Wajir agizo la kuuondoa.

Kitambulisho kikishatoka, pasipoti huombwa kupitia eCitizen. Cheti cha kuzaliwa pia huhitajika. Kisha hufuata visa, ambayo kwa kawaida hudai barua ya chuo na uthibitisho wa fedha za matumizi.

Wazazi wanahimizwa wasingoje barua ya chuo ndipo watafute kitambulisho. Nafasi ya masomo haimsubiri mwenye stakabadhi pungufu.