Foto za Anga: Kongo Tuko Ndani, Wasee

Maze, mtaani kila msee ako na kitu anakusanya: raba, jezi za Mazembe, saa zimetoka Dubai. Fiti. Leo nawapea ingine: foto za kwanza za anga, zile za karatasi kabisa, kutoka enzi ya Apollo na kurudi nyuma. Na kama uko Butembo, Beni ama Lubero-centre, usiniambie hiyo ni stori ya wazungu. Kongo tuko ndani.

Anza na hii namba: AS17-148-22727. Ishike kama namba ya simu ya manzi wako. 17 ni Apollo 17, 148 ni roli ya filamu, 22727 ni foto yenyewe. Tarehe 7 Desemba 1972, Cernan, Evans na Schmitt walikuwa wametoka Florida masaa tano hivi, wako njiani kwenda mwezini. Wakiwa karibu kilomita 29,000 kutoka huku chini, kamera ya Hasselblad ikafyatuka. Dunia nzima, duara safi, jua limeipiga fiti. Cheki bara gani limejaa mbele: Afrika! Arabia iko juu, Madagaska iko kando, barafu ya kusini inang'aa chini, na mawingu yamelalia msitu wa Kongo. Butembo yetu iko hapo ndani. Kwa filamu ya kwanza kusini ilikuwa juu, wakaigeuza ndiyo wakaitoa.

Stori za kwetu

Oktoba 1969, miezi tatu tu baada ya safari yao ya mwezini, Armstrong, Aldrin na Collins walifika Kinshasa kwa ile ziara yao ya dunia. Foto ya hiyo safari ukiipata, shika na usiachilie.

Halafu kuna jimbo la Shaba. Kampuni ya Wajerumani, OTRAG, ya injinia Lutz Kayser, ilipewa na Mobutu eneo kubwa juu ya mto Luvua. Roketi ya kwanza ilipaa 17 Mei 1977, ya pili 20 Mei 1978. Ya tatu, 5 Juni 1978, Mobutu mwenyewe alikuja kuicheki, ikapinda njia ikaanguka. 1979 wakafungiwa. Kampuni ya watu binafsi ikirusha roketi Zaire, kitambo kabla SpaceX izaliwe! Hizo foto ni historia ya Kongo, na ni wachache sana mtaani wamewahi kuziona.

Majirani pia wako na zao. Zanzibar ilikuwa na kituo cha kufuata vyombo vya Mercury, kikafungwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Kenya, baharini kando ya Malindi, Waitalia walirusha satelaiti Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Mbona roketi zirushwe huku kwetu? Kwa ikweta dunia inazunguka karibu kilomita 1,670 kwa saa, roketi inapata msukumo wa bure. Na huo mstari unapita hapa hapa, kati ya Butembo na Lubero-centre.

Jua orijino

Foto ikikufikia, geuza. Mgongo ndio unaongeanga. Nyingi za NASA za hiyo enzi ni sentimita 20 kwa 25, na nyuma kuna maandishi mepesi ya Kodak, yamejirudia kwa mshazari. Zingine ziko na maelezo yamechapwa kwa wino wa zambarau. Mbele, kwa ukingo mweupe, foto za rangi mara mingi ziko na namba nyekundu. Mgongo ukiwa mweupe kabisa, uliza maswali kabla ya kutoa doh.

Uko na yaya Bruxelles? Mwambie apite soko la vitu vya zamani la Jeu de Balle asubuhi, acheki maboksi ya karatasi. Hapa nyumbani, uliza walimu wazee na mapadri: magazeti ya Kifaransa ya 1969 yanaweza kuwa yamelala kwa kabati.

Na kama mfuko umekauka, usijali. Foto za NASA kwa kawaida ni za bure. Shusha faili kubwa, peleka studio, ichapwe, tundika kwa ukuta. Lakini ukiuza, sema wazi ni ya leo. Jina safi ni mali.

Itunze

Ukungu na mvua ya Butembo haviogopi foto, foto ndiyo iviogope. Weka kwa bahasha kavu ya karatasi, juu ya rafu, mbali na ukuta. Ishike kwa kingo. Na tafadhali, usiiplastifiye! Ule moto wa mashine unagandisha plastiki juu yake milele, bei inakufa hapo hapo.

Kingine ni cha uzito zaidi. Tangu Kanyabayonga ianguke kwa vita Juni 2024, familia mob zimekimbia Lubero, na mtu akikimbia albamu inabakianga nyuma. Kwa hivyo piga kila foto na simu, mbele na nyuma, tumia ndugu wawili ama watatu wakuwekee kopi. Halafu kaa na tate wako. Kama alikuwa Kinshasa 1969 ama Shaba 1978, muulize nani yuko kwa foto, wapi, mwaka gani. Andika nyuma na penseli laini, leo.