Mwanao akisema amechoka, msikilize kwanza

Ni jioni huko Kanyakine, Imenti Kusini, katika Kaunti ya Meru. Kijana aliyefutwa kazi Nairobi ameketi jikoni na babake. Baada ya kimya kirefu anasema: "Baba, mimi nimechoka na haya maisha."

Baba anamjibu upesi: "Wacha maneno hayo! Sisi tulilelewa kwa taabu na hatukulalamika."

Kijana ananyamaza. Mazungumzo yameishia hapo.

Je, msomaji, ungekuwa wewe ungemjibu vipi? Wengi wetu tungesema vivyo hivyo, si kwa kukosa upendo bali kwa hofu. Mzazi akisikia neno zito hukimbilia kukemea au kuhubiri. Mtoto naye huelewa jambo moja tu: hapa hakuna wa kunisikiliza.

Kwanza, nyamaza. Zima redio, weka simu kando, uketi karibu naye. Akisita, usimmalizie maneno. Akimaliza, rudia ulichosikia: "Unaniambia kwamba tangu kazi iishe hulali, na unaona haya kukutana na wenzako. Nimekuelewa?" Ukikosea atakusahihisha, na atajua ulikuwa ukimsikiliza.

Pili, muulize waziwazi: "Mwanangu, unawaza kujiua?" Watu wengi huogopa kwamba swali hilo litamtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema sivyo. Kuulizwa humpunguzia mtu wasiwasi na humfanya ahisi kwamba anaeleweka.

Akikubali, usimgombeze wala usimwache peke yake. Dawa za kunyunyizia kahawa zifungiwe mahali asipoweza kuzifikia. Kisha mpeleke hospitalini, iwe ni ya Kanyakine au iliyo karibu nawe. Usimfiche kwa kuogopa sheria. Mnamo Januari 2025, Mahakama Kuu ilitangaza kuwa kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba.

Huhitaji kuwa daktari ili kusikiliza. Nchini Zimbabwe, tangu 2006, akina nyanya waliopewa mafunzo huketi na wagonjwa wa mawazo kwenye benchi nje ya zahanati, wakiwasikiliza. Na huko Meru kwenyewe, wazee wa Njuri Ncheke hawakati shauri kabla ya kusikia pande zote. Subira hiyo tunayoiheshimu barazani yafaa pia jikoni.

Na ikiwa tayari umekwisha kumkatiza mwanao, usikate tamaa. Mrudie hata leo jioni, umwambie: "Juzi ulitaka kunieleza jambo nami sikukupa nafasi. Nisamehe. Niambie tena, nakusikiliza."

Kisha unyamaze.